Kinasa Sauti Kidogo kwa Mtu Mwenye Maiki Zake

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikirekodi masimulizi ya wazee wa Eastlands, mashariki mwa Nairobi, wengi wao wakiwa watu waliofanya kazi katika reli wakaishi Makongeni, na vifaa vyangu ni vya kawaida: maiki ya mkononi ya Shure SM58, maiki ndefu ya Rode NTG2 ninayoielekeza kwa msemaji kutoka juu kidogo, na maiki ya klipu ya Boya BY-M1 yenye waya wa mita 6. Nilichokosa ni kinasa sauti kidogo cha kuzitendea haki. Nilidhani kukitafuta kungenichukua Jumamosi moja. Kulinichukua miezi miwili, na sehemu kubwa ya muda huo niliipoteza kwa kuuliza maswali yasiyonihusu.

Maswali hayo ni yale ambayo kila mnunuzi huanza nayo: kina biti ngapi, kinafika kilohezi ngapi (vipimo vya jinsi sauti inavyogeuzwa kuwa namba), maiki zake za kujengewa zikoje. Mtu anayetumia maiki za nje hana haja na jibu la swali la tatu, na majibu ya mawili ya kwanza hayatofautishi chochote, kwa sababu vinasa karibu vyote vya leo hufikia biti 24 na kilohezi 96, ilhali kwa mazungumzo ya binadamu kilohezi 48 zinatosha kabisa. Kuchagua kinasa cha maiki za nje kwa kusifia maiki zake za ndani ni sawa na kuchagua sufuria kwa uzuri wa kifuniko. Ya kuuliza ni mawili: kina tundu gani, na kikuzaji chake, yaani saketi inayoyapandisha mawimbi dhaifu yanayotoka kwenye maiki, ni kimya kiasi gani.

Nianze na tundu. Vinasa vidogo vya mfukoni kama Zoom H1n na Tascam DR-05X vina tundu la milimita 3.5 pekee, kama lile la hedifoni, ambalo hutoa umeme mdogo wa volti chache (H1n hutoa volti 2.5) kwa ajili ya maiki za klipu na zile za kamera. Tundu la XLR lenye pini tatu ni jambo jingine. Waya zake hupeleka mawimbi kwa njia mbili zinazopingana, hivyo mvumo wa umeme wa nyumbani, ambao hapa kwetu hutetema mara 50 kwa sekunde, hufutana wenyewe kabla ya kuingia kwenye rekodi. Na humohumo kwenye waya hupita fantomu, yaani umeme wa volti 48 ambao kinasa huupeleka kwenye maiki, na bila huo maiki nyingi za kondensa, aina inayohitaji umeme, haziwezi kufanya kazi. NTG2 yangu hukubali pia betri moja ya AA, kwa hiyo kwangu fantomu haikuwa lazima, lakini anayepanga kununua maiki ya studio siku za usoni asiidharau.

Kuna faida nyingine ya XLR ambayo haiandikwi kwenye jedwali la sifa, nayo ni kufuli. Niliijua thamani yake kwa njia ngumu. Nilikuwa nyumbani kwa mzee mmoja aliyewahi kuwa fundi wa injini za mvuke, maiki ya klipu ikiwa shatini mwake, na kinasa changu cha zamani kikiwa mezani kando ya birika. Mjukuu wake alipoleta chai alilisogeza kidogo lile birika, jeki ya milimita 3.5 ikalegea nusu, na kinasa kikarudi kimyakimya kwenye maiki zake chenyewe. Niliporudi nyumbani nilikuta dakika 40 za vijiko na vikombe, na sauti ya mzee kwa mbali kama mtu anayeongea kutoka chumba cha pili. Nilirudi kumwomba anisimulie tena. “Mwanangu,” akaniambia, “hayo si nilishakuambia?” Akanisimulia, lakini kwa ufupi wa mtu anayerudia.

Jambo la kikuzaji ndilo linalostahili muda zaidi, kwa kuwa ndipo pesa huenda. SM58 ni maiki ya dainamiki, aina isiyohitaji umeme, na kwa sauti ya kiwango kilekile hutoa takriban milivolti 1.85 pale ambapo NTG2 hutoa karibu 16. Hiyo ni tofauti ya zaidi ya mara 8. Maana yake ni kwamba SM58 mbele ya mzee anayeongea kwa upole, tena aliyeketi nusu mita kutoka kwenye maiki, humlazimu mtu kupandisha kiwango karibu na mwisho, na hapo kikuzaji dhaifu huanza kutoa kelele yake chenyewe, sauti kama ya mafuta yanayokaangwa jikoni kwa jirani. Watengenezaji makini huitaja kelele hiyo kwa kipimo cha dBu, na kadiri namba inavyozidi kushuka chini ya sifuri ndivyo kikuzaji kilivyo kimya zaidi. Zoom H5, kwa mfano, imeandikiwa -120 dBu, na Zoom F3 -127 dBu. Desibeli 7 zinaonekana chache kwenye karatasi, lakini kwa hesabu ya volti ni kelele iliyopungua kwa zaidi ya nusu.

Karatasi tuiache, masikio ndiyo hakimu. Nilikwenda Luthuli Avenue na SM58 yangu mfukoni, waya mfupi wa XLR, na hedifoni za kufunika masikio, kwa sababu mtaa ule una spika mlangoni mwa kila duka la pili na bila kufunika masikio huwezi kusikia lolote. Kijana muuzaji aliniwashia kinasa, akakisogeza mdomoni, akasema, “Mzee, sikia hii, iko safi kabisa.” (Nina miaka 43, Nairobi hii mtu akishaanza kuuliza maswali mengi dukani anakuwa mzee.) Nilimshukuru, nikaomba nichomeke maiki yangu, nikaifunga kwa sweta langu mara mbili ili isipokee kelele za nje, nikapandisha kiwango hadi mwisho, nikasikiliza. Kinachobaki masikioni wakati huo, ukiacha mngurumo wa mtaa unaopenya sweta, ni sauti ya mashine yenyewe. Jaribio hili huchukua dakika mbili na halihitaji utaalamu wowote. Muuzaji akikukataza kulifanya, nenda duka la pili.

Mwishoni zilibaki mashine tatu. Tascam DR-40X ina matundu mawili ya XLR yanayopokea pia jeki kubwa, ina fantomu, hutumia betri tatu za AA, na inaweza kuandika nakala ya pili ya usalama yenye kiwango cha chini, ambayo humwokoa mtu pale msemaji anapopaza sauti ghafla. Zoom H4n Pro nayo ina XLR mbili, lakini kilichonivutia ni kwamba ina pia tundu la milimita 3.5 kwa nyuma, hivyo Boya huingia moja kwa moja bila adapta. Upungufu wake ni kwamba kadi yake haizidi gigabaiti 32. Kwa mtu mwenye mchanganyiko wa maiki kama wangu na bajeti ya wastani, H4n Pro ni jibu la heshima, na ningekuwa narekodi mihadhara ya ukumbini ningeishia hapo.

Nilichukua Zoom F3. Ni kisanduku cha gramu 242, kinachojaa kiganjani, chenye XLR mbili za kujifunga, skrini ndogo, na hakina maiki hata moja ndani yake. Wengi huiona hiyo kuwa kasoro. Kwangu ni uaminifu: jeki ikichomoka hakuna maiki ya ndani ya kunidanganya, na mstari wa sauti kwenye skrini unakufa papo hapo. Ilipotoka mwaka 2022 bei yake Marekani ilikuwa karibu dola 350, na anayeiagiza kuja Nairobi aongeze usafirishaji na ushuru kabla ya kulinganisha na bei ya dukani.

Jambo kubwa la F3 ni kwamba haina kitufe cha kupandisha wala kushusha kiwango cha kurekodi. Kila njia ya sauti ina vigeuzi viwili vya kuigeuza sauti kuwa namba, kimoja cha sauti ndogo na kingine cha sauti kubwa, na faili huandikwa kwa biti 32 za floti, mfumo ambao nafasi yake kati ya mnong’ono na mlipuko ni pana kuliko maiki yoyote inavyoweza kutoa. Kipimo kilichopo kwenye skrini hubadilisha ukubwa wa mstari unaouona na sauti unayoisikia. Mara ya kwanza nilijihisi kama dereva aliyenyang’anywa usukani. Kisha mzee mmoja, aliyekuwa akinong’ona habari za mgomo, akainuka bila kutangaza na kuimba kwa sauti yote wimbo waliokuwa wakiuimba wakinyanyua mataruma ya reli, huku akipiga makofi karibu na maiki. Kwa kinasa changu cha zamani wimbo ule ungekatwa vichwa, yaani vilele vya mawimbi yake vingepotea. Kwenye F3 niliushusha baadaye ndani ya Audacity, ukatoka mzima, na mnong’ono uliotangulia niliupandisha bila kusikia yale mafuta ya kukaangwa.

Hata hivyo watu wameipa floti sifa isizostahili. Maiki yenyewe ikizidiwa na sauti, hakuna biti itakayoirudisha. Kelele za matatu za Jogoo Road huingia kwa uaminifu uleule inavyoingia sauti ya mzee, na mvua ya Aprili juu ya mabati itakulazimisha kusimamisha mazungumzo mkanywa chai, uwe na mashine ya bei yoyote ile. Faili nazo ni nzito: saa moja ya njia mbili kwa kilohezi 48 ni takriban gigabaiti 1.4, wakati kwa biti 24 ingekuwa kama 1.04. Betri ni mbili za AA na fantomu huzimaliza haraka, kwa hiyo mimi huilisha kwa pawabenki kupitia tundu la USB-C na kuziacha betri ziwe akiba.

Kasoro iliyoniuma ni ya Boya. F3 haina tundu la milimita 3.5 la kuingizia maiki, na adapta ya kawaida ya kugeuza jeki kuwa XLR haishushi zile volti 48, jambo linaloweza kuidhuru maiki ya klipu fantomu ikiwashwa kwa bahati mbaya. Ilibidi ninunue Rode VXLR+, adapta ambayo huzipunguza hadi volti 3 hadi 5, na bei yake niliihesabu ndani ya bei ya kinasa kwa sababu bila hiyo theluthi moja ya maiki zangu ingekaa droo. Kama maiki yako ni Boya pekee, basi usifuate njia yangu. Chukua H1n au kinachofanana nayo, iwekee Boya swichi upande wa kamera na betri yake ndogo ya LR44 ikiwa mpya, kisha pitisha kipande cha utepe wa gundi juu ya jeki kabla chai haijaletwa.