Mwaka wangu wa Zepbound: hesabu ya mfukoni

Dada wa kaunta ya duka la dawa aligeuza kioo cha kompyuta ili nione mwenyewe: dola 1,060 kasoro senti chache. Kisanduku kimoja cha Zepbound, dawa ya kupunguza uzito: kalamu nne za sindano, siku 28. Nilikuwa nimetoka zamu ya usiku, sare bado mwilini, na kichwani nilijiandalia dola 40 kama ninavyolipia dawa yangu ya presha. Nikamwomba airudishe kwenye friji. Ilikuwa Oktoba 2024, hapa Houston, Marekani.

Tangu hapo nimechoma sindano kila Jumamosi kwa zaidi ya mwaka, na sijawahi kulipa bei ile. Ninaandika haya kwa sababu kila mtu anayeniona nimepungua huniuliza, "Unalipa kiasi gani?" Kazini wananiuliza, nyumbani Tanga wananiuliza. Jibu la neno moja halipo, maana dawa hii ina bei nyingi kwa wakati mmoja, na utakayolipa wewe inategemea mlango ulioingilia.

Nianze na hali yangu. Nilikuwa na kilo 104 kwa urefu wa sentimita 162, vidonge viwili vya presha kwa siku, na magoti yaliyokuwa yakinizuia kumgeuza mgonjwa kitandani bila kushika ukuta. Kazi yangu ni kuwahudumia wazee, siwezi kuifanya nimekaa. Daktari aliniandikia Zepbound, ambayo ndani yake ni tirzepatide. Marekani iliidhinishwa kwa ajili ya unene Novemba 2023. Dawa hiyohiyo, kutoka kampuni hiyohiyo ya Eli Lilly, huuzwa kwa jina la Mounjaro kwa wenye kisukari cha aina ya pili. Hapa ndipo wengi tunapochanganyikiwa. Unamsikia mwenzio mwenye sukari anachukua Mounjaro kwa dola 25, unadhani na wewe utapata hivyo. Bima yake inalipia kisukari. Unene bima nyingi haziulipii, hata kama kilichomo ndani ya sindano hakina tofauti.

Bima yangu ya kazini ilinijibu kwa barua ya ukurasa mmoja. Daktari alikuwa ameomba kibali, akaeleza presha na magoti na miaka yangu ya kujaribu kupungua. Jibu halikugusa hata moja ya hayo. Lilisema dawa za kupunguza uzito hazimo kwenye mpango wa mwajiri wangu. Nilikata rufaa, nikasubiri wiki tatu, jibu likawa lilelile. Nilikuja kuelewa baadaye, na ningependa mtu angeniambia mapema: kuna kukataliwa kwa aina mbili. Wakisema hujatimiza masharti, pigana, daktari aongeze maelezo. Wakisema mpango wenyewe hauna dawa hiyo, barua ya daktari haifungui chochote, kwa sababu mwajiri ndiye aliyechagua mpango. Mtu wa kumwendea ni ofisi ya rasilimali watu, kabla ya msimu wa kuchagua bima kufika. Mimi nilipoteza wiki tano nikigonga mlango usiohusika.

Kuponi ya mtengenezaji ingenishusha hadi dola 650 kwa mwezi. Kwa mwenzangu ambaye bima yake ni ya serikali, kuponi hiyo haifanyi kazi kabisa, iwe Medicaid ya wenye kipato kidogo au Medicare ya wazee. Usijipe matumaini nayo kabla ya kuangalia bima yako ni ya nani.

Katikati ya mahangaiko hayo nikaona tangazo la kliniki ya mtandaoni: dola 199. Sitaitaja jina. Nilijaza fomu usiku nikiwa kwenye mapumziko ya zamu, nikaweka kadi. Baada ya kulipa ndipo nikaona kwamba 199 ni ya mwezi wa kwanza tu, kwamba dozi ikipanda na bei inapanda, na kwamba kuna ada ya uanachama inayokatwa kila mwezi hata usipochukua dawa. Juu ya hayo, walichokuwa wakiuza hakikuwa Zepbound, kilikuwa nakala ya dawa hiyo iliyochanganywa na duka la dawa lenyewe. Hilo liliruhusiwa kwa kuwa dawa za kiwandani zilikuwa adimu. Mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilithibitisha Desemba 2024 kwamba upungufu wa tirzepatide umekwisha, na ruhusa ile ikaanza kufungwa. Nilifuta uanachama kabla sijapokea kitu. Dola 99 za ada hazikurudi. Zinaniuma mpaka leo, kwa sababu ni saa kadhaa za kazi yangu.

Mlango uliofunguka ni wa vichupa. Agosti 2024 Lilly walianza kuuza Zepbound kwenye vichupa vya kioo badala ya kalamu, moja kwa moja kwa anayelipa mwenyewe bila bima, kupitia huduma yao ya LillyDirect. Dozi ya kuanzia ya miligramu 2.5 ilikuwa dola 399 kwa vichupa vinne, na ya miligramu 5 dola 549. Daktari alituma maagizo huko, nami nikapokea kisanduku chenye mabarafu mlangoni katikati ya Novemba.

Kichupa chenyewe ni kidogo kuliko kidole gumba. Unapangusa mpira wa juu kwa spiriti, unachoma bomba la sindano, unakigeuza juu chini, unavuta nusu mililita mpaka mstari wa 50, unagongagonga kidogo povu lipande. Mimi nilizoea kuwachoma wazee insulini, kwangu ilikuwa kazi ya dakika moja. Asiyezoea atataka mtu amwonyeshe mara ya kwanza, na hiyo ndiyo tofauti kubwa na kalamu, ambayo unabandika kwenye ngozi na kubonyeza tu. Mabomba ya sindano nayo usiyasahau kwenye oda.

Februari 2025 bei ilishuka: 349 kwa dozi ya kuanzia, 499 kwa miligramu 5. Ndipo pia dozi za 7.5 na 10 zilipoanza kupatikana kwenye vichupa, nazo kwa 499, mradi uagize tena ndani ya siku 45. Ukichelewa, 7.5 ilikuwa 599 na 10 ilikuwa 699. Nilipokwenda Tanga kwa harusi ya mdogo wangu niliweka oda kabla ya kupanda ndege, tarehe nikiwa nimeizungushia kalamu nyekundu kwenye kalenda. Nilibeba vichupa vitatu kwenye kipochi cha baridi. Maelekezo yanaruhusu kukaa nje ya friji hadi siku 21 kama joto halizidi nyuzi 30. Umeme ulipokatika mchana wa harusi, mama alivifungia kwenye ndoo ya barafu ya soda, juu kabisa visilowe, akavikagua kila nusu saa kama vile vifaranga.

Sasa hesabu, kwa sababu ndiyo kiini cha yote. Siku 28 si mwezi. Kwa mwaka unanunua mara 13, si 12. Mimi nililipa 399 mara moja, 549 mara tatu, na 499 mara tisa: jumla dola 6,537. Ongeza dola 160 za kumwona daktari mara nne. Sehemu kubwa nililipa kutoka akaunti ya matibabu ya kazini, ile ambayo pesa zake hazikatwi kodi, nayo ilinipunguzia mzigo. Muulize mwajiri wako kama mnayo, maana watu wengi wanaifungua kwa ajili ya miwani na meno wakaisahau.

Yeyote anayekutajia bei ya mwezi wa kwanza hajakutajia bei. Mwulize ya dozi utakayoishia, kwa visanduku 13, na kwa miaka mingapi. Swali la miaka ndilo zito. Kuna utafiti uliochapishwa kwenye jarida la JAMA Desemba 2023: watu walitumia tirzepatide wiki 36, kisha wengine wakabadilishiwa sindano isiyo na dawa bila kujua. Hao walirudisha wastani wa asilimia 14 ya uzito katika mwaka uliofuata. Nilipousoma nilikaa na daftari langu nikaandika 499 mara 13 mara tano. Dola 32,435. Nilimwonyesha mume wangu, tukazungumza mpaka usiku, na tukaamua gari litasubiri.

Je, nimepata nilichokilipia? Nina kilo 86. Kidonge kimoja cha presha kimeondolewa na daktari, siyo na mimi. Ninapanda ngazi za ghorofa ya tatu kazini. Kichefuchefu kilinisumbua wiki mbili kila dozi ilipopanda, na choo kigumu nilikitibu kwa maji na mapapai. Dawa hii imenisaidia pale ambapo miaka ya kujinyima haikunisaidia, na ninaisema hivyo bila haya mbele ya yeyote anayedhani unene ni uvivu.

Dada yangu aliniomba nimtumie vichupa viwili. Nilikataa, na ilituchukua wiki mbili kurudi kuzungumza vizuri. Hana vipimo, na hakuna daktari anayemfuatilia. Mwenye historia ya aina fulani ya saratani ya tezi shingo katika ukoo haruhusiwi kabisa kuitumia. Nikamwomba pia asiguse zile za bei chee zinazozungushwa kwenye simu. Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari kuhusu sindano bandia za Ozempic, dawa nyingine ya jamii hii, zilizokamatwa Brazil, Uingereza na Marekani. Kama bandia inafika kwenye masoko yenye ukaguzi wa aina hiyo, sithubutu kumwambia dada yangu anunue kwa mtu asiyemjua.

Desemba 2025 bei ilishuka tena: 299 kwa kuanzia, 399 kwa miligramu 5, na 449 kwa dozi za juu, kwa sharti lilelile la siku 45. Kwangu ni dola 650 pungufu kwa mwaka. Nimefuta 499 kwenye daftari na kuandika 449 juu yake. Dada yangu amepata miadi ya kupimwa hospitali ya Bombo, Tanga, mwezi ujao, na ameniambia atanisomea majibu kwenye simu, namba kwa namba.