Maji ya betri kwa pesa za shaba zilizooza: maoni yangu baada ya miezi mitatu

Jamani naandika hii kwa sababu kila mtu akiokota pesa ya zamani ya shaba kitu cha kwanza anakimbilia ndimu na chumvi, na mimi nlifanya hivohivo zamani kwa hiyo mwisho wake naujua.

Kisa chenyewe ni kwamba mjomba wangu huko Pangani alikuwa anachimba shimo la choo, jembe likagonga kitu kama donge la udongo mgumu lina rangi ya kijani, akalipasua kidogo pembeni akaona maduara yamepangana kama chapati. Akanitumia kwa basi kwenye mfuko wa sukari. Nlipolipokea nlihesabu kingo kama kumi na nne hivi, nyingine zimeshikana na mchanga huwezi kusema hii inaanzia wapi.

Kwanza nliyofanya vibaya. Mbili zilizokuwa zimebanduka zenyewe nlimpelekea fundi mmoja anayeng'arisha vyombo vya shaba, sitamtaja maana kosa la kutomuuliza ni langu pia, akazipitisha kwenye mashine na dawa ya kopo. Zilirudi zinawaka kama vifungo vya koti. Maandishi hakuna, picha ya mizani hakuna, yamebaki mabonde tu. Nliumia kwa kweli, nlilala nazifikiria.

Sababu nlikuja kuielewa baadaye na hapa ndo penyewe, naomba msome taratibu. Pesa ya shaba ikikaa ardhini miaka mia na zaidi ile kutu sio uchafu ulioikalia juu, ni shaba yenyewe imegeuka. Kwa hiyo uso wa asili, yaani ile herufi ilipokuwa siku inatoka kiwandani, mara nyingi uko NDANI ya ile kutu, huko chini kwenye shaba nzima hakuna kitu cha kusoma. Ukiiondoa kutu yote umeondoa na maandishi. Ndimu, siki, ukwaju, zote ni asidi, zinakula kutu bila kuchagua na zinakuachia kitu cha rangi ya pinki kina vishimo. Na ukiongeza chumvi ndo balaa zaidi maana kuna ugonjwa wa shaba unaoletwa na chumvi, ntarudi hapo.

Sasa maji ya betri. Namaanisha yale masafi ya kuongezea, maji yaliyokenekwa tuliyosoma shuleni, sio asidi ya betri, angalieni sana maana chupa zinafanana na pale sheli wanaziweka rafu moja. Lita moja bei yake haifiki hela ya chipsi mayai. Nliweka donge lote kwenye chupa ya jamu nikajaza maji nikafunika. Siku ya pili maji yalikuwa kama chai ya rangi na chini kuna mchanga laini. Wiki ya kwanza nlibadilisha kila baada ya siku mbili, baada ya hapo kila Jumapili. Hakuna unachofanya zaidi ya kusubiri, na kwa mtu asiye na subira hii bidhaa haimfai, aache.

Wiki ya tatu pesa zilianza kuachana zenyewe, nlikuwa nazigusa tu na kijiti cha meno ndani ya majimaji. Sio pini wala kisu, kijiti, kwa sababu mti ni laini kuliko shaba. Nliposafisha mchanga kwa mswaki wa mtoto ule laini kabisa nikawasha zumu ya simu, nikaona sahani moja ya mizani na kamba zake tatu, nyembamba kama unywele. Yaani nlipiga kelele. Chini yake tarakimu za Kiarabu 1299, huo ni mwaka wa Hijria, yaani kama 1882 hivi, enzi za Sultani Barghash wa Zanzibar. Bibi akaisogeza kwenye miwani akasoma jina la Barghash upande wa pili. Tano zilikuwa hizo, na nyingine ni za kampuni ya Wajerumani zile za 1890 hadi 1892, upande mmoja tai na maandishi ya kwao, upande mwingine Kiarabu. Hizi ndo pesa zenyewe zenyewe, 64 zinafanya rupia moja, na neno tunalolitamka kila siku ndo jina lake.

Kukausha nlitumia asetoni. Ile ya saluni ya kufutia rangi ya kucha haifai ina mafuta na manukato, nunua safi kwenye duka la kemikali. Inavuta maji yote na kuondoa grisi, shaba haiigusi. Ila nlimimina kwenye kikombe cha plastiki kile cha sherehe kikayeyuka mezani, tumia glasi, fungua madirisha na usikae karibu na jiko, inashika moto haraka mno.

Kuna moja bado inanisumbua. Baada ya kukauka ilitoa unga wa kijani hafifu kama poda, nikaufuta, wiki iliyofuata umerudi. Huo ndo ugonjwa niliosema, chumvi iko ndani inakutana na unyevunyevu wa hewa yetu ya pwani na shaba inaendelea kuliwa. Hapa maji peke yake hayatoshi, nasema ukweli. Watu wa makumbusho wanaloweka kwenye kitu kinaitwa sodium sesquicarbonate, ambacho kumbe ni kilekile kinachofanya magadi yawe magadi, gramu 50 kwa lita, wiki nyingi. Lakini msichukue magadi ya sokoni yale ya maharage, yana chumvi ndani, utakuwa unaongeza ugonjwa. Tafuta iliyosafishwa, na ujue rangi inaweza kubadilika ikawa na ubluu.

Mafuta ya zeituni nlijaribu kwa moja, miezi miwili, yamelainisha kidogo ila yanateleza na yana asidi yake, siyapendekezi.

Kwa hiyo kama pesa imeoza kiasi kwamba huoni hata kivuli cha herufi, loweka kwenye maji, kausha, basi iache hivyohivyo. Na ukipata kitu cha Kilwa, vile visarafu vidogo vyembamba vya masultani wa zamani, usiguse kabisa na usiloweke. Kwa sheria ya Tanzania Bara kitu kilichotengenezwa kabla ya 1863 ni urithi wa taifa, peleka idara ya serikali ya Mambo ya Kale.

Maji nayapa nyota tano, asetoni nne, dawa ya kopo na mashine hata nusu sitoi. Zangu sasa ziko kwenye bahasha za karatasi, mfuko laini wa plastiki hapana maana kuna aina inatoa majimaji ya kijani, pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vya kwenye boksi la viatu. Ile inayougua nimeitenga kwenye chupa yake, Jumapili nabadilisha maji tena.