Nilimwandikia KATA HAPA, akakata kwingine: uzoefu wangu wa kuundiwa baiskeli ya greveli Moshi

Kama unaunda baiskeli ya greveli, yaani ya barabara za vumbi na changarawe, hapa Moshi, na unachotafuta ni starehe na vipimo vya mwili wako mwenyewe, foku (ule uma unaoshika gurudumu la mbele) usimwachie fundi ninayemwandika hapa hata kwa saa moja. Simtaji jina wala mtaa, maana kuna familia inakula kwa spana zake. Ila hasira ninayo, na ninaandika nikiwa nayo. Nyota moja.

Alichofanya ni hiki. Shafti ya foku, yaani ule mrija unaopanda ndani ya fremu ukashikwa kwa juu na stemu, kile kipande kinachobeba usukani, alikabidhiwa ikiwa ndefu kama ilivyotoka kiwandani. Nilikuwa nimeizungushia tepu nyeupe ya karatasi na kuandika kwa kalamu nene: KATA HAPA, na mshale. Chini ya mshale ilipaswa kukaa stemu, na chini ya stemu washa, zile pete za kuinua usukani, za milimita 30. Kesho yake nikakuta shafti imekatwa milimita 30 chini ya mshale, washa zote zimetupwa kwenye kopo la gololi, na stemu imelala moja kwa moja juu ya kifuniko cha beringi. Kipande kilichokatwa kilikuwa sakafuni kwenye vumbi la alumini. Tepu yangu ilikuwa bado imekishika, maandishi yanasomeka vizuri kabisa.

Nikamuuliza. Hakuinua hata macho. Alikuwa anaosha cheni kwa mafuta ya taa. Akasema: "Meku, hii ni baiskeli ya mbio. Usukani ukikaa juu vile utafanana na wabeba majani ya ng'ombe."

Sasa hapo ndipo aliponichoma. Mtu anayepandisha mzigo wa majani kutoka tambarare hadi kwa ng'ombe wake mlimani anajua mwili wake unataka nini juu ya baiskeli. Usukani wake uko juu kwa sababu mgongo wake utafanya kazi hiyo tena kesho. Na baiskeli ya greveli kwa mtu asiyeshindana ni kitu hichohicho: saa nne au tano juu ya mashimo, na ushuke ukiwa bado unaweza kugeuza shingo.

Wapo watakaosema milimita 30 ni nini bwana. Basi tupige hesabu. Shafti haisimami wima, imelala nyuma. Kwenye fremu hii pembe yake ni nyuzi 71. Ukiondoa milimita 30 za washa, usukani unashuka milimita 28 na papo hapo unakwenda mbele milimita 10. Yaani umeinamishwa na umenyooshwa kwa mkupuo mmoja. Uzito uliokuwa kwenye makalio unahamia viganjani, na mshipa wa fahamu unaopita upande wa nje wa kiganja unabanwa. Dalili yake haina utata: kidole cha mwisho na cha pete vinakufa ganzi. Ile njia ya vumbi kutoka Boma Ng'ombe kwenda chemchemi ya Chemka, yenye vijimatuta vya mfululizo kama rasta, haina subira na kosa la namna hii. Kabla hujafika kwenye maji vidole viwili havijui kama vimeshika breki.

Kuna kosa jingine dogo ndani ya hilo kubwa. Alikata shafti ikalingana sawasawa na mdomo wa stemu. Inatakiwa shafti iwe chini ya mdomo kwa kama milimita 3, ili kile kifuniko cha juu kikikazwa kisukume stemu chini na kubana beringi. Vikilingana, kifuniko kinagota kwenye shafti yenyewe, unakaza mpaka bolti inalia na foku bado inacheza. Hili dawa yake rahisi: washa moja ya milimita 5 juu ya stemu. Kaza kifuniko cha juu kwanza, kidogo tu, hadi mchezo uishe. Kisha zile bolti mbili za ubavuni kwa zamu, niutoni-mita 5. Shika breki ya mbele, sukuma baiskeli mbele na nyuma huku kidole kimegusa mahali foku inapokutana na fremu. Ukisikia kugonga, legeza za ubavuni uanze tena. Ukikaza za ubavuni kabla ya ya juu umejidanganya.

Nilipomwambia kwamba shafti imeharibika, jibu lake ndilo lililonitoa kabisa: "Lete kipande, tutaunga kwa kuchomelea." Ndugu zangu, tafadhali. Shafti ya alumini haiungwi. Ugumu wake ulipatikana kwa kupashwa joto kiwandani kwa kipimo, na moto wa kuchomelea unaufuta eneo lote linalozunguka kiungo. Itaonekana nzima, itapakwa rangi, halafu siku moja kwenye mteremko wa kutoka Kibosho ukivuta breki utabaki na usukani mkononi. Fundi akikutajia kuchomelea shafti, chukua baiskeli yako uondoke hata kama haina magurudumu.

Utaratibu unaostahili hauhitaji hata mashine. Usikate mapema. Panga washa zote ulizonazo, nusu chini ya stemu na nusu juu, shafti ichomoze kama bomba la moshi, na upande hivyo wiki tatu au nne. Hamisha washa moja baada ya nyingine, ukiandika kila ulipohamisha. Pa kuanzia pazuri ni usukani kuwa sambamba na siti, au chini yake kwa sentimita moja au mbili kama mgongo wako ni mlaini. Mwili ukishakubali, bado acha milimita 10 za ziada juu ya stemu, kwa sababu mgongo wa mwaka huu si wa mwaka ujao. Ndipo weka alama, funga klempu mbili za chuma kama reli ya msumeno, kata kwa blade ya meno madogo, piga tupa ndani na nje. Dakika kumi. Kukata kunarudiwa, kuongeza hakurudiwi, na hili fundi yeyote wa mbao au wa bomba hapa mjini analijua.

Kwa aliyekwisha kukatiwa kama mimi, foku haijafa lazima. Stemu ya awali ilikuwa ya milimita 90, imeinuka nyuzi 6. Stemu ya urefu uleule iliyoinuka nyuzi 17 inarudisha milimita 15 juu na kuuvuta usukani nyuma milimita 9. Za zile 28 zinabaki 13. Usukani uliopinda kama pembe za kondoo, lakini wenye mwinuko wa milimita 15 katikati, unamaliza kazi. Vyote viwili havikupatikana Moshi, vimeletwa na mtu kutoka Nairobi, na vimelipiwa na aliyekatiwa, si aliyekata. Vipo pia virefusho vya shafti vinavyobana kwa nje. Kwenye alumini vinafaa, kwenye shafti ya kaboni mimi sivipendekezi.

Vipimo vingine alivyopewa alivifuata, lazima niseme. Siti: unasimama peku ukutani, kitabu kinene katikati ya mapaja kikibanwa juu kama siti inavyobana, unapima kutoka ukingo wa kitabu hadi sakafuni. Hapa ilikuwa sentimita 83. Zidisha kwa 0.883, unapata 73.3, nao ndio umbali kutoka katikati ya krenki, pale pedali zinapozungukia, hadi juu ya siti. Kwa barabara mbovu shusha nusu sentimita hivi ili nyonga zisiyumbe. Upana wa siti: kalia kipande cha boksi kwenye ngazi ya saruji, magoti juu, utaona mashimo mawili ya mifupa, pima katikati hadi katikati, ongeza milimita 20 hadi 25. Mifupa ya milimita 120 inataka siti ya 140 au 145, si ile ya sponji pana kama mto. Sponji nene inazama, mifupa inagota chini na kinachobanwa ni nyama laini ya katikati. Bomba la siti chagua la milimita 27.2 kama fremu inaruhusu, linanesa kidogo kuliko la 31.6, na ulipake grisi, la sivyo alumini na chuma vitashikana na hutalitoa tena.

Tairi ndiyo starehe yenyewe, kabla ya siti na kabla ya fremu. Milimita 45 kama zinapita, na ubakize milimita 5 au 6 kila upande; udongo wa mlimani ukilowa masika unanata kwenye foku hadi gurudumu linagoma kuzunguka. Weka bila tyubu. Miiba ya migunga ya huku tambarare upande wa Kahe na mashamba ya miwa ya TPC itakuumiza vinginevyo. Tepu ya rimu mizunguko miwili, rimu isafishwe kwa spiriti kwanza, kwa sababu upepo ukivuja mara nyingi ni tepu na si tairi. Gundi ya maji, ile inayoziba matundu kwa ndani ya tairi, mililita 80 hivi kila gurudumu, na kwa joto la Moshi fungua uangalie kila baada ya miezi miwili, hukauka ikabaki kama utando wa maziwa. Toa kiini cha vali unapojaza mara ya kwanza ili upepo uingie kwa kishindo na tairi ikae. Kompresa ya mziba pancha inatosha ukiwa na adapta ya vali nyembamba. Kwa mtu wa kilo 78, psi 30 mbele na 34 nyuma. Wazibaji watataka kukujazia 60. Wakatalie kwa heshima, lakini wakatalie.

Na magurudumu. Hapa mkono unagoma kuandika, lakini ukweli ni ukweli: magurudumu aliyoyasuka mtu huyu ni mazuri kuliko yoyote niliyowahi kuyapanda. Spoku 32, kila moja inakatisha nyingine tatu. Hana stendi ya dukani ya kunyooshea magurudumu. Amebana foku kuukuu kwenye jiriwa, na kipande cha zipu-tai ya plastiki ndicho kipimo chake. Alikaza robo mzunguko kwa robo mzunguko, akawa anasimama na kuzibana spoku mbili mbili kwa viganja hadi zikalia na kutulia, kisha anaanza upya. Alijua bila kuambiwa kwamba gurudumu la mbele lenye breki ya disiki hukazwa zaidi upande wa disiki, na la nyuma upande wa gia. Ukipiga spoku za upande mmoja kwa ukucha, zote zina sauti moja. Toka kabla ya mvua za vuli mpaka leo, kwa njia zote hizo za rasta, magurudumu hayajapinda hata nusu milimita.

Basi nyota tatu. Mtu mwenye mikono ile si wa kutupwa.

Halafu nakumbuka kwamba hajasema pole. Nilirudi mara mbili, mara ya pili na stemu mpya mkononi, akaitazama, akasema tu kwamba sasa kweli imefanana na ya majani. Neno "samahani meku, niliharibu" lisingemgharimu kitu, na mimi gharama ya vifaa ningeimeza. Mtu anayesikiliza spoku kwa makini vile, anashindwaje kusoma maneno mawili yaliyoandikwa kwa herufi kubwa? Alisoma. Aliona anajua mwili wangu kuliko mimi.

Mbili. Ziwe mbili. Rimu mpya ya nyuma nitampelekea mwezi ujao, maana hapa mjini sijaona wa kumfikia. Foku itabaki nyumbani.