Uzoefu Wangu na Msaidizi wa Intaneti Asiyejua Maana ya "Ndooni"

Nimeketi kuandika haya nikiwa bado na uchungu, na msomaji ataniwia radhi pale atakapoona nimepandisha sauti. Sitaeleza kasi ya intaneti hiyo wala malipo yake ya mwezi, kwa kuwa mambo hayo yamebandikwa kwenye kila nguzo kuanzia Marikiti hadi Kongowea. Ninalotaka kulieleza ni jioni moja tu, jioni ya arusi ya binti yangu, na mashine iliyoniita "rafiki" mara kumi na moja. Nilizihesabu.

Kampuni yenyewe siitaji. Ilituvutia waya hadi nyumbani kwetu Kibokoni, katika Mji wa Kale wa Mombasa, miaka michache iliyopita, na kusema haki, kabla ya jioni hiyo sikuwa na la kulalamikia. Dada yangu mkubwa anakaa Maskati tangu alipoolewa huko, na miguu yake haimruhusu tena kusafiri. Kila Ijumaa baada ya chakula cha mchana tulikuwa tukionana kwa simu, yeye na kahawa yake na mimi na yangu, tukiulizana nani amefariki, nani amejifungua na nani hajarudisha sinia la watu. Huduma iliyoniwezesha hayo siwezi kuiita mbaya. Pengine nitaiita hivyo kabla sijamaliza, kwa hiyo nimeona niitangulizie sifa yake ikiwa roho yangu imetulia.

Siku ya arusi wapambaji walifika mapema, wakasogeza makochi, wakasogeza kabati kubwa la vyombo, wakatundika vitambaa na kumwekea bibi arusi kiti chake. Nikaha ingesomwa msikitini baada ya isha, kisha bwana arusi aletwe nyumbani kumpa mkono mkewe, na dada yangu angeyaona yote kwa simu itakayoshikwa na mpwa wangu. Huko Maskati, ambako saa zao zimetutangulia kwa saa moja, alikwisha kuwaalika majirani na kununua halwa. Adhuhuri ilipopita nikaona kile kisanduku cheupe cha ukutani, ambacho siku zote huwaka kijani, kinakonyeza taa nyekundu.

Hapo zamani, na zamani hiyo si mbali, kampuni ile ilikuwa na nambari ya simu inayopokewa na watu. Ungeweza kungojea ukisikilizishwa muziki mpaka ukaukariri, lakini mwishowe alitokea binti au kijana, mkasalimiana, ukamweleza. Siku hizi nambari ile inakuelekeza kwa msaidizi wa akili mnemba kwenye WhatsApp, ambaye wanajisifu kwamba anaelewa Kiswahili na kwamba unaweza kumtumia hata ujumbe wa sauti. Nilifurahi niliposikia hivyo, kwa sababu nilikuwa na hina mikononi na sikutaka kuandika. Nikabonyeza maikrofoni kwa ncha ya kidole nikasema kwa adabu zangu zote: "Masalkheri. Intaneti yetu imekatika na usiku tuna arusi. Tafadhali ndooni leo kabla ya maghribi." Kwa Kimvita, lahaja yetu ya Mombasa, "ndooni" ni "njooni".

Mashine ile ina tabia ya kukuandikia kwanza ilichosikia. Iliandika hivi, nami nimeihifadhi mpaka leo: "Ndoo ni leo kabla ya Magharibi." Kisha ikajibu: "Hongera kwa harusi, rafiki! Ombi lako limesajiliwa Kanda ya Magharibi. Kuhusu ndoo, samahani, hatuna huduma hiyo kwa sasa."

Masalkheri yangu ilianguka chini, hakuna aliyeiokota.

Nilinawa mikono kabla hina haijakolea, nikaanza kuandika. Nikaandika kwamba sitaki ndoo, nataka fundi. Ikaniuliza kama nimejaribu kuzima kifaa na kukiwasha tena, rafiki. Nikazima, nikawasha, taa ikabaki nyekundu. Nikaieleza hivyo. Ikaniuliza tena kama nimejaribu kuzima na kuwasha. Iliniuliza hivyo mara nne, na kila mara kwa uchangamfu uleule, kama mtu anayekutana nami kwa mara ya kwanza. Nikaandika kwa herufi kubwa kwamba nataka kuzungumza na mtu. Jibu lilikuwa: "Niko hapa kukusaidia, rafiki!" Mimi ni mwanamke wa miaka sitini na kitu. Watoto wa mtaa huu wakinipita bila kuniamkia, mama zao huwarudisha. Sina rafiki asiyejibu salamu.

Lililonikera zaidi ni hili la kanda. Kampuni ile inajua ninakoishi. Siku ya kudai pesa yake haijawahi hata mara moja kunitafuta Bungoma au Kakamega, huko Magharibi ya nchi. Hunikuta papa hapa, saa mbili za asubuhi, kwa jina langu la tatu. Iweje siku ya kudaiwa msaada inisahau?

Nikakumbuka mwaka 2009, Rais Mwai Kibaki alipokuja Mombasa kuuzindua waya wa TEAMS, ule uliolazwa chini ya bahari kutoka hapa hadi Fujairah katika Falme za Kiarabu. Mwaka huohuo ukaja waya wa SEACOM, na mwaka 2010 ukafuata wa EASSy, na wote wakatua katika pwani hii yetu kabla ya kwenda kuwahudumia wa bara. Majahazi ya babu zetu yalingojea kusi ili yavuke kwenda Arabuni; picha ya mwanangu isingengojea hata kupepesa jicho. Sisi ndio tunaokaa mlangoni pa bahari ambamo intaneti hiyo inaingilia, na nyumba yangu ndiyo iliyo gizani, nami naambiwa niingojee Magharibi.

Sasa niseme jambo ambalo litanivunjia heshima kidogo. Nilifundisha Kiswahili katika shule za msingi za kisiwani humu mpaka nilipostaafu. Mwaka 1928, katika mkutano uliofanyika hapahapa Mombasa, lahaja ya Kiunguja ndiyo iliyochaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na Kimvita chetu kikabaki lugha ya jikoni na barazani. Uamuzi huo mimi niliulinda kwa kalamu nyekundu. Mtoto aliyeandika "ndia" nilimsahihishia "njia", aliyeandika "mato" nikamwandikia "macho", na mmoja aliyeandika "ndoo" akikusudia "njoo" nilimchorea ndoo ndogo pembeni ya daftari lake, darasa zima likacheka. Ndiyo, niliichora mpaka na mkono wake. Kwa hiyo mashine iliponijibu habari za ndoo nilihisi kwamba mtoto yule amekua, ameajiriwa na kampuni ya intaneti, na amenipata.

Hata hivyo nisijilaumu kupita kiasi. Mimi nilijua mtoto yule alikusudia nini, ndiyo maana niliweza kucheka. Mashine haikucheka. Ilisikia mwanamke mwenye arusi anaomba ndoo kwa kampuni ya intaneti, na haikuona ajabu yoyote.

Simu ililia baada ya sala ya maghribi, nyumba ikiwa imejaa wanawake na udi unafuka kila chumba. Sauti ya kijana, ya kibara, ya upole: "Habari ya jioni, mama. Mimi ni fundi wa intaneti. Nimefika hapa Kakamega mjini, nyumba yako iko upande gani?"

Nilimwambia, kwa ukali ambao sasa naujutia, "Mwanangu, panda basi usiku huu, ukiteremka Mombasa kesho uulize Kibokoni." Akanyamaza kidogo. Kati yetu kulikuwa na zaidi ya kilomita mia nane. Angeweza kuomba radhi na kukata simu, maana kazi ile haikuwa yake tena. Badala yake akaniuliza taa ipi ni nyekundu, nikamwambia. Kisha akauliza: "Mama, leo mmesogeza kitu chochote hapo nyumbani?"

Nikageuka nikalitazama kabati la vyombo.

Akanieleza kwa utulivu kwamba ndani ya ule waya mmefungwa uzi wa kioo mwembamba kama unywele, kwamba kinachopita humo ni mwanga, na ukikunjwa sana mwanga huvujia pale penye kona usifike unakokwenda. Akaniambia tusiuvute, tulisogeze kabati taratibu na kuunyosha waya kwa mkono. Akaniuliza pia jina la bibi arusi, akamwombea kheri. Ila mbele ya kabati lile ndipo palipokuwa na kiti cha bibi arusi, vitambaa vimeshonewa ukutani, na mwenye kiti alikuwa ameshakaa, buibui la kumfunika liko tayari, wageni wamebanana hadi ngazini. Nani angewainua?

Basi tukatumia bando la simu ya mpwa wangu. Kuta za nyumba hizi za Mji wa Kale ni za mawe ya matumbawe, nene, zimejengwa kuzuia joto na zinazuia na mawimbi ya simu vilevile, kwa hiyo alilazimika kusimama kwenye baraza ya dirisha, nusu ndani nusu nje, akiwapiga picha wageni juu ya vichwa vyao. Bwana arusi alipofika mlangoni vigelegele vikapigwa, akainua mguu wa kulia avuke kizingiti, na picha ikaganda. Dada yangu, na majirani zake, na halwa yao, wakabaki wanauangalia ule mguu hewani. Waliuangalia kwa muda gani sijui, kwa kuwa mpwa wangu mwenyewe hakutambua mpaka bando lilipokwisha kabisa.

Usiku wa manane, wageni wameondoka, tulilisogeza kabati. Waya ulikuwa umebanwa na mguu wake wa nyuma, umekunjika kama kiwiko. Nikaunyosha kwa vidole viwili. Haukupita muda taa ikawa kijani, na mimi nikakaa chini katikati ya maua na vikombe vya watu nikalia, nisijue nalilia nini.

Sasa kosa ni la nani? Msomaji mwenye haraka atasema ni langu, na hasira yangu ikakosa pa kutua kwa siku kadhaa. Kampuni haikukata kitu. Waya wao ulikuwa mzima, kabati ni letu, wapambaji nimewalipa mimi. Nilifika hadi kuanza kufuta maneno niliyokuwa nimewaandikia. Kisha nikarudia kuyasoma mazungumzo yangu na mashine ile, kutoka ndoo hadi rafiki wa kumi na moja, na damu ikapanda upya, kwa sababu swali lililohitajika lilikuwa moja, tena dogo, na aliyeliuliza ni mtu aliyetumwa kimakosa. Lingeulizwa saa nane za mchana, bibi arusi akiwa bado chumbani anasukwa, dada yangu angemwona mtoto wake akipewa mkono. Kuzima na kuwasha niliulizwa mara nne.

Mpwa wangu ananiambia nihamie kampuni nyingine, na ameshaniletea karatasi zao. Nimezitia mtotoni mwa meza. Ijumaa iliyofuata dada yangu alitokea kwenye simu, picha safi kabisa, amejifunga leso yake ya manjano, nami nilikuwa nimeandaa maneno ya kumtaka radhi. Alinitangulia kucheka. Alisema amehudhuria arusi nzima ya mguu mmoja, kwamba kiatu kilikuwa kizuri, na kwamba jirani yake mmoja amemwagizia mwanawe kinachofanana nacho. Tukanywa kahawa mpaka alasiri. Nikiwa katika hali hiyo ungeniuliza kuhusu huduma yao ningekuambia haina mfano.

Halafu ukaja ujumbe: "Rafiki, tupe nyota, kuanzia 1 hadi 5." Nilikaa na simu mkononi muda mrefu. Nilitaka kumpa kijana yule tano na mashine moja, lakini nafasi ilikuwa ya tarakimu moja tu, na nilihofia kwamba nikiandika moja itahesabiwa kwenye jina lake. Nikaandika tano. Ikanishukuru kwa niaba ya Kanda ya Magharibi.

Huko ndiko nilikosajiliwa hadi leo, kwa kuwa mashine haijakubali kunirudisha Pwani ingawa nimeiandikia mara mbili, safari hii kwa Kiswahili sanifu kitupu. Juzi iliniarifu kwamba huduma itakatika Kakamega usiku kwa ajili ya matengenezo. Nikampigia yule kijana kumjulisha. Hakuwa na habari.