Diski ipi uongeze kwenye kompyuta ya mezani: kuanzia ya kununua kwanza hadi ya kuacha dukani

Kabla ya kuulizia bei, fungua kasha la kompyuta na utazame ndani. Kinachoamua diski ya kununua ni matundu yaliyopo kwenye ubao mama. Tafuta tundu la M.2, ule mfereji mwembamba uliolala sambamba na ubao, ambao mara nyingi una namba 2280 pembeni yake (upana wa milimita 22, urefu wa milimita 80). Hesabu matundu ya SATA (njia ya zamani ya kuunganisha diski kwa waya) yaliyobaki wazi, kisha hesabu vichwa vya umeme vya SATA vinavyotoka kwenye pawasaplai.

Halafu soma kitabu cha ubao mama, ukurasa wa M.2. Bao nyingi huzima tundu moja au mawili ya SATA pale M.2 fulani inapotumika. Mtu anachomeka diski mpya, ya zamani inatoweka, naye anaamini imekufa. Haijafa. Ihamishie kwenye tundu jingine la SATA na itarudi.

1. NVMe ya PCIe 4.0, terabaiti 1, chipu za TLC

NVMe ni SSD, yaani diski ya chipu tupu, inayowasiliana na kompyuta kupitia njia ya kasi iitwayo PCIe; 4.0 ni toleo la njia hiyo. Kama tundu la M.2 lipo na linakubali NVMe, hapa ndipo pa kuweka pesa. Diski ngumu, ile ya sahani zinazozunguka, inaweza kusoma faili kubwa kwa megabaiti 150 hadi 250 kwa sekunde, lakini ikipewa maelfu ya faili ndogo zilizotawanyika hushuka hadi megabaiti 1 au 2, kwa sababu kichwa chake lazima kisafiri kwenda kutafuta kila faili. SSD haina kichwa cha kusafiri. Ndiyo maana kompyuta nzee ikiwekewa SSD yoyote hubadilika kabisa, wakati kuhama kutoka PCIe 3.0 (hadi megabaiti 3,500 hivi) kwenda 4.0 (hadi 7,000 hivi) hukuoni kwa macho unapowasha mashine au kufungua programu. Ubao wa 3.0 hupokea diski ya 4.0 bila shida. Kasi tu ndiyo inayoshuka.

Kwa hiyo usinunue namba kubwa iliyoandikwa kwenye boksi. Nunua aina ya chipu. TLC hubeba biti tatu katika kila seli, QLC biti nne. Kila SSD ya namna hii ina eneo la akiba linaloandika haraka. Likijaa ndipo tabia halisi inapojitokeza. Nakili folda ya gigabaiti 200 kwenye QLC ya bei ya chini: dakika ya kwanza mstari wa kunakili unakimbia, kisha kasi inaanguka hadi megabaiti mia moja hivi kwa sekunde na kubaki hapo hapo. Hiyo ni kasi ya diski ngumu, kwa bei ya SSD. Kwa kuhifadhi michezo na filamu QLC haina neno, lakini kwa diski ya kazi iache.

Kampuni isipotaja aina ya chipu, angalia TBW, yaani jumla ya terabaiti zinazoweza kuandikwa ndani ya dhamana. TLC ya terabaiti 1 kwa kawaida huwa na 600 hivi. Ukiona 200, shuku QLC. Usiogope namba yenyewe: mtu anayeandika gigabaiti 50 kila siku atahitaji karibu miaka 33 kuzifikia terabaiti 600.

Je, lazima iwe na akiba ya DRAM, yaani chipu ndogo ya kumbukumbu ya diski yenyewe? Kwa NVMe si lazima, kwani nyingi zisizo nayo huazima sehemu ndogo ya RAM ya kompyuta. Na Windows ikikuonyesha gigabaiti 931 badala ya 1,000, hujaibiwa. Inahesabu kwa 1,024, mtengenezaji anahesabu kwa 1,000.

2. SSD ya SATA ya inchi 2.5

Hii ni ya mashine isiyo na M.2, au ambayo BIOS yake (programu ya ubao mama inayoiwasha kompyuta) haiwezi kuwasha mfumo kutoka NVMe. Kasi hugota kwenye megabaiti 550 hivi, na kwa kazi za ofisi hutaona upungufu. Hapa sasa DRAM ina maana, kwa sababu SATA haiwezi kuazima RAM. Ikikosa pa kufungwa, ibandike popote ndani ya kasha. Haina kitu kinachozunguka.

Usiichanganye na SSD ya SATA yenye umbo la M.2. Kwa macho inafanana na NVMe, na inaingia kwenye tundu vizuri kabisa, ila kama tundu ni la NVMe pekee, kompyuta haitaiona. Soma jina zima la bidhaa. Kuhesabu mikato kwenye meno ya kuchomekea hakutoshi.

3. Diski ngumu ya inchi 3.5, terabaiti 4 na kuendelea

Kwa picha, video na nakala rudufu, bado ndiyo inayotoa nafasi kubwa kwa pesa kidogo. Uliza kama ni CMR au SMR, namna mbili za kupanga data kwenye sahani. Kwenye SMR njia za data zinapandana kama vigae vya paa, hivyo kubadilisha moja kunalazimu kuandika upya na za jirani. Uandishi mrefu huikaba. Chukua CMR, ambayo njia zake hazipandani, hasa kama utaunganisha diski kadhaa zifanye kazi kama moja (RAID). Mfumo endeshi usiuweke humu.

4. NVMe juu ya kadi ya PCIe

Inafaa kwa data kama una tundu la PCIe la x4 (lenye njia nne) lililo wazi. Kuwasha mfumo kutoka humo kunategemea BIOS.

5. NVMe ya PCIe 5.0

Inapita megabaiti 10,000, inachemka, na inadai kipoza joto cha maana. Tumeiweka mwisho kwa sababu ni wahariri wa video kubwa na wachache wengine tu watakaoitumia ipasavyo.

SSD ya terabaiti 16 kwa bei ya chakula cha mchana ni ya uongo. Ijaribu kwa programu ya H2testw, au f3 kwenye Linux, zinazopima ukubwa halisi, kabla muda wa kurudisha haujaisha.

Kuifunga

Zima, chomoa waya wa ukutani, bonyeza kitufe cha kuwasha kwa sekunde chache, kisha gusa chuma cha kasha. Hakikisha nguzo ndogo ya skrubu iko kwenye alama ya 80. Ikikosekana, diski itapinda ukikaza. Ingiza diski kwa mshazari, ilaze, kaza skrubu kwa vidole viwili tu. Bandua plastiki iliyo chini ya kipoza joto. Wengi huisahau, kisha wanashangaa diski inapungua kasi kwa joto.

Nyaya za pawasaplai zinazochomoka usiziazime kutoka modeli nyingine. Kichwa kinaingia, lakini mpangilio wa umeme unaweza kuwa tofauti, na diski inaungua papo hapo.

Diski mpya isipoonekana kwenye folda, fungua Disk Management ya Windows na uianzishe kwa GPT, mpangilio mpya wa kugawa diski. Ule wa zamani, MBR, unaishia terabaiti 2. Ukiweka Windows upya, chomoa diski nyingine zote kwanza, la sivyo faili za kuwashia zinaweza kukaa kwenye diski ya zamani, na siku utakayoitoa mashine haitawaka. Ukihamisha mfumo wa zamani kwa Clonezilla, programu ya kunakili diski nzima, simamisha kwanza BitLocker, kufuli la siri la Windows, na uwashe mara ya kwanza diski ya zamani ikiwa imechomolewa.

Diski ngumu iliyotolewa kwenye kasha la nje la USB ikikataa kuzunguka, huenda pini ya tatu ya umeme inapokea volti 3.3, na diski inaisoma kama amri ya kuzima. Funika pini hiyo kwa utepe mwembamba usiopitisha umeme.