Sindano ya neva mbavuni: kwa nini sikukubali ya kupapasa

Mkanda wa jeshi ulinishika upande wa kulia, chini ya ziwa. Malengelenge yalikauka, maumivu yakabaki. Miezi minne khanga ikinigusa tu nashtuka kama nimepigwa shoti. Vidonge vya amitriptyline, vya kutuliza maumivu ya neva, vilinipa usingizi, moto ukabaki pale pale.

Kwenye zahanati moja huku Tabata daktari akasema atanichoma sindano ya kuzuia neva ya ubavu siku hiyo hiyo. Nikamuuliza ataionaje. "Mama, naupapasa ubavu, sindano ikigusa mfupa naiteremsha kidogo ukingoni." Hakunidanganya, njia hiyo ipo na wengi wametibiwa nayo. Kilichonisimamisha ni jibu la swali la pili: nyuma ya hiyo neva kuna nini? Pafu, tena milimita chache tu. Likitobolewa, hewa hujaa kifuani. Na pembeni ya neva kuna mishipa ya damu. Ganzi nyingi ikiingia humo inaweza kuleta degedege na kuvuruga moyo. Mimi ni mnene, mbavu zangu hazipapasiki kirahisi. Nikaomba rufaa, wala hakununa.

Nilisubiri wiki mbili hospitali kubwa, na gharama ilikaribia mara mbili. Daktari wa usingizi alinipaka jeli ya baridi, akanigeuzia kioo cha ultrasaundi. "Mama, huo mstari mweupe unaong'aa ndio utando wa pafu." Nikavuta pumzi, nikauona unateleza. Sindano ikaingia kama uzi, ikasimama juu ya mstari. Akavuta bomba kwanza, kuona kama damu inarudi, ndipo akasukuma dawa. Pakatanuka kidoa cheusi cha dawa, mstari ukabonyea chini.

Dakika kumi, moto ukazimika. Usiku ganzi ilipoisha maumivu yalirudi kiasi, kisha siku ya tatu yakaanza kupungua tena, maana dawa ya ganzi ilichanganywa na steroidi, dawa ya kupunguza uvimbe. Wiki ya sita sasa navaa sidiria. Wenye kisukari mwambieni daktari mapema: steroidi hupandisha sukari, na yangu ilipanda siku kadhaa. Waliniangalia pumzi kabla ya kuniruhusu, wakasisitiza kifua kikibana hata usiku nirudi mbio.

Shoga yangu alichomwa ya kisogoni kwa kupapasa, kwa ajili ya kichwa, akapona vizuri. Kule neva iko karibu na ngozi na hakuna pafu; ningekubali. Ya mbavuni narudia mwezi ujao, kwa mashine ile ile.