Gereza la Kampuni, Zimamoto ya Serikali: Tathmini ya Huduma Iliyotolewa Birmingham

Huduma ninayoitathmini hapa haina duka wala kaunta, na anayeipata haendi kuinunua kwa hiari yake. Ni msaada wa dharura ambao Serikali ya Uingereza huupeleka katika magereza yanayoendeshwa na kampuni binafsi pale mambo yanapoharibika. Msingi wake umo katika sheria ya mwaka 1991, ambayo ndiyo iliyofungua mlango wa magereza kukabidhiwa kampuni, na ambayo papo hapo inampa waziri mamlaka ya kumweka mtumishi wa Serikali mahali pa mkurugenzi wa gereza iwapo mkurugenzi huyo amepoteza udhibiti au anaelekea kuupoteza. Nimechagua gereza la Birmingham, lililoko Winson Green, kwa sababu lilipewa msaada huo mara mbili likiwa mikononi mwa kampuni moja ya ulinzi, G4S, na kila mara kwa namna yake.

Gereza hilo ni la zama za Malkia Victoria. Lilifunguliwa mwaka 1849. Mwezi Oktoba 2011 likawa gereza la kwanza la Serikali nchini humo kuhamishiwa kwa kampuni, kwa mkataba wa miaka 15. Wanaotetea mikataba ya aina hii husema kwamba kampuni hubeba kazi pamoja na hatari zake, na hapo ndipo tathmini yangu inapoanzia, kwa kuwa hatari ya gereza si sawa na hatari ya hoteli. Hoteli ikimshinda mwenyewe, hufungwa na wageni wakatafuta pengine. Gereza likimshinda mwenyewe, wafungwa wanabaki palepale, na Serikali iliyowahukumu ndiyo inayodaiwa usalama wao.

Tarehe 16 Desemba 2016 ghasia zilizuka asubuhi, zikaenea katika majengo manne ya gereza, na zaidi ya wafungwa 500 wakahusika. Zilidumu zaidi ya saa 12, na zikahesabiwa kuwa mbaya kuliko zote tangu zile za gereza la Strangeways mjini Manchester mwaka 1990. Waliozizima ni vikosi viitwavyo Tornado, yaani askari magereza waliopewa mafunzo maalumu ya kutuliza ghasia na ambao hukusanywa kutoka magereza mbalimbali wakati wa dharura. Kwa upande huu sina budi kuisifu huduma: walifika, waliingia jengo baada ya jengo, na kufikia usiku gereza lilikuwa limerudi mikononi mwa wenye dhamana. Hata hivyo, msomaji ajiulize askari hao wanatoka wapi. Hawakai kambini wakisubiri kuitwa kama zimamoto. Kila mmoja ana gereza lake lenye wafungwa wake na zamu yake, na anapoitwa Birmingham, nafasi yake huko atokako hubaki wazi au huzibwa na mwenzake aliyekwisha kuchoka. Baada ya ghasia, wafungwa wapatao 240 walihamishiwa magereza mengine, ambayo nayo hayakuwa na nafasi za kuchezea.

Hiyo ilikuwa huduma ya kwanza, ya nguvu na ya siku moja. Ya pili ilichelewa miezi 20, na kwa maoni yangu kuchelewa huko ndiko dosari kubwa ya huduma nzima. Sheria inataka kila gereza la kampuni liwe na mdhibiti, mtumishi wa Serikali anayefuatilia uendeshaji kwa niaba ya waziri. Kwa hiyo jicho la Serikali lilikuwamo ndani ya nyumba muda wote. Pamoja na hayo, wakaguzi walipofika mwishoni mwa Julai 2018 walikuta hali ambayo haijengeki kwa wiki moja: damu, matapishi, mende na vinyesi vya panya, moshi wa dawa za kulevya uliowaathiri hata wakaguzi wenyewe, askari waliojifungia ofisini na wengine waliokutwa wamelala. Magari yalichomwa moto katika maegesho ya wafanyakazi wakati ukaguzi ukiendelea. Mkaguzi Mkuu wa Magereza, Peter Clarke, alimwandikia Waziri wa Sheria, David Gauke, barua ya dharura tarehe 16 Agosti, na siku nne baadaye Serikali ikatangaza kwamba inashika hatamu za gereza. Siku nne ni mwendo mzuri sana, lakini zihesabiwe pamoja na ile miezi 20. Huduma hii ni hodari wa kuzima moto na nzito wa kunusa moshi.

Dawa iliyotolewa ilikuwa na viungo vitatu: mkuu mpya wa gereza kutoka utumishi wa Serikali, maofisa 30 wa ziada, na kupunguzwa kwa idadi ya wafungwa kwa takribani 300. Nimeitazama orodha hiyo mara nyingi, na kila mara naona kwamba kiungo chenye nguvu kuliko vyote ni hicho cha mwisho. Mpunguzie mwendeshaji yeyote wafungwa 300 na umwongezee maofisa 30, halafu umpime. Sisemi hivyo kuitetea kampuni, ambayo ilikuwa imetia saini mkataba ikijua gereza lilivyo. Nasema kwa sababu watu 300 hawayeyuki. Walipaswa kulala mahali fulani, na mahali hapo hapakuandikwa katika hesabu yoyote ya mkataba wa Birmingham.

Kuhusu bei, Wizara iliahidi tangu mwanzo kwamba mlipakodi hataongezewa gharama. Mwezi Aprili 2019 ilitangazwa kwamba mkataba unavunjwa, kwamba gereza linarudi serikalini moja kwa moja, na kwamba kampuni italipa pauni milioni 9.9 kufidia gharama za ziada za kulituliza. Ni jambo la haki, na ni nadra kumwona aliyeokolewa akilipia kamba. Makabidhiano yalikamilika Julai mwaka huo. Kwa uwajibikaji wa fedha zinazoonekana naipa huduma alama nzuri. Kwa gharama zilizosambaa katika magereza jirani, zile za zamu zilizoachwa wazi na seli zilizojazwa kupita kiasi, sioni palipokuwa na ankara.

Anayetaka kulinganisha aangalie Mangaung, jirani na Bloemfontein nchini Afrika Kusini, gereza la wafungwa 2,928 lililofunguliwa mwaka 2001 na kuendeshwa na kampuni hiyohiyo. Huko nako sheria inaruhusu kuwekwa meneja wa muda, na Oktoba 2013 Idara ya Huduma za Urekebishaji, inayosimamia magereza ya nchi hiyo, ilifanya hivyo baada ya mgogoro wa wafanyakazi. Tofauti ni kwamba Agosti 2014 gereza lilirudishwa kwa kampuni. Mwezi Mei 2022 moto uliwaka katika seli moja, mwili ukakutwa humo, na mfungwa Thabo Bester akahesabiwa kuwa amekufa, kumbe alikuwa ametoroka na mwili ule ulikuwa wa mtu mwingine. Idara ikalazimika kuingia tena gerezani humo mwaka 2023, lakini kazi ya kumkamata mfungwa mwenyewe, Aprili mwaka huohuo, iliwaangukia polisi wa Tanzania, mjini Arusha, ambao hawamo katika mkataba wowote wa Mangaung.